Maombi yako ya kazi yanakwamia wapi?

Mtu akiniambia "nimeomba kazi mpaka nimechoka, hakuna hata anayenijibu", huwa namuuliza kwanza: umeomba zipi? Wengi hawana jibu. Anakumbuka benki moja, shirika moja la Arusha, na "zile za serikali". Tarehe hana. Tangazo lilishafutika kwenye simu. Barua aliyotuma ni ile ile aliyochapiwa steshenari mwaka aliohitimu. Kinachobadilika ni jina la mwajiri tu, na mara nyingine hata hilo linasahaulika.

Kwa hali hiyo kila ushauri atakaopewa ni wa kubahatisha. Fundi pikipiki hafungui injini kabla hajatikisa tangi aone kama lina mafuta. Ombi la kazi nalo linapita hatua kadhaa: unaliona tangazo, ombi linafika, karatasi zinachujwa, unasailiwa, wanaamua, unapewa mkataba. Aliyekwama kwenye karatasi hana haja ya kukesha akisoma majibu ya maswali ya usaili, na anayeitwa kila mara akaishia hapo hapo apunguze kuhangaika na CV, maana CV yake inafanya kazi.

Kwa hiyo anza na daftari. La karatasi linatosha. Kila ombi liwe na mstari wake: tarehe, mwajiri, kazi, ulikoliona tangazo, ulichoambatanisha, siku ya mwisho, kilichofuata. Na tangazo lenyewe litunze kama PDF au picha ya skrini. Siku ya mwisho ikipita matangazo mengi huondolewa, halafu unaitwa kwenye usaili baada ya miezi miwili hukumbuki hata majukumu yaliyoandikwa. Baada ya maombi kumi hivi, soma safu ya mwisho ya daftari. Dalili utaiona mwenyewe.

(Nimeandika nikiwa na Tanzania Bara kichwani. Zanzibar ina Tume yake ya Utumishi Serikalini na utaratibu wake, lakini mengi ya hapa yanahusu kokote.)

"Hakuna kazi zinazotangazwa"

Angalia kwenye daftari: kati ya siku uliyoliona tangazo na siku ya mwisho kulikuwa na siku ngapi? Kama kila mara ni moja au mbili, ujue unapata habari zilizopoa. Makundi ya WhatsApp ndiyo yanayosababisha hili. Tangazo likishapita kwenye makundi matano linafika limekatwa, bila anwani, wakati mwingine la mwaka jana. Nenda lilikotoka: Ajira Portal kwa kazi za serikali, tovuti ya taasisi yenyewe, magazeti, LinkedIn kwa mashirika na kampuni kubwa, na ofisi za TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ambao pia huunganisha wahitimu na mafunzo ya uzoefu kazini. Tenga asubuhi mbili kwa wiki za kuvipitia vyote. Kuchungulia simu kila baada ya nusu saa kunamaliza bando na moyo.

Sababu ya pili ni kutafuta cheo badala ya kazi. Aliyesomea maendeleo ya jamii anatafuta "Afisa Maendeleo ya Jamii" na kulipita tangazo la afisa mradi, mhamasishaji jamii, afisa ufuatiliaji na tathmini, au afisa mikopo wa vikundi, wakati robo tatu ya majukumu yaliyoandikwa pale anayaweza. Soma majukumu kwanza, cheo baadaye.

Ya tatu: waajiri wadogo hawatangazi kabisa. Shule binafsi, zahanati, duka la vifaa vya ujenzi, wakala wa forodha, hoteli ya njia ya Karatu, hawa wakipungukiwa mtu wanauliza wafanyakazi walionao, "unamjua mtu?" Watu wanaiita koneksheni na kuilaumu kana kwamba yote ni vimemo vya wakubwa. Vimemo vipo, sikatai. Lakini nyingine ni hii ya kawaida, na inaingilika. Mtafute mtu anayefanya kazi pale, uliyesoma naye au jirani, na umwombe habari kabla ya kumwomba kazi: "Kaka, habari za kazi. Nimemaliza diploma ya ununuzi na ugavi. Naomba kuuliza, hapo kwenu stoo mnatumia mfumo gani, na watu wa stoo huwa wanapatikanaje?" Swali kama hilo mtu hulijibu bila kujisikia amebebeshwa mzigo. "Kaka nitafutie kazi" husomwa na kuachwa.

"Natuma, kimya"

Malalamiko mengi yako hapa, na sababu ziko nyingi vile vile. Zikague kuanzia iliyo rahisi kuondoa.

Ombi lenyewe halikufika. Fungua barua pepe ulizotuma: anwani ni sahihi, kiambatisho kipo? Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu, kimoja kimoja, huwa vizito. Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25, na ofisi nyingi zimeweka kikomo cha chini zaidi. Viskani, viunganishe kwenye PDF moja, na faili ulipe jina lako na la kazi. Faili linaloitwa "CV mpya mpya FINAL 3" likishapakuliwa kwenye kompyuta ya mtu mwenye maombi mia tatu halipatikani tena. Tangazo likitaja namba ya kumbukumbu, iandike kwenye kichwa cha barua pepe kama ilivyo. Wengine wanachuja kwa hiyo namba tu.

Simu yako haipatikani. Hii wanaidharau, na mimi naiweka juu. Sikiliza:

– Haloo, habari za saa hizi. Naongea na Rehema?
– Hapana, mimi mdogo wake. Dada ameenda kusuka. Nani wewe?
– Nina shida naye ya kikazi. Ana namba nyingine?
– Hiyo nyingine imepotea. Mpigie jioni.

Jioni ikifika ameshapigiwa mwingine. Weka namba unayoishika mwenyewe, na ukibadilisha laini waandikie wote walioko kwenye daftari ambao bado hawajajibu. Barua pepe nayo iwe na jina lako. Ile ya utani uliyofungua kidato cha pili iache kwa marafiki.

Sifa hazilingani. Chukua tangazo na kalamu. Kwenye sehemu ya sifa weka tiki mbele ya kila unachoweza kukionyesha kwa karatasi au kwa kazi uliyofanya. Sifa za lazima zikikosekana, kwa mfano leseni ya taaluma, usajili wa baraza, au daraja la leseni ya udereva, usipoteze bando. Sifa za nyongeza, zile za "itakuwa ni faida", zisikutishe. Miaka ya uzoefu iko katikati: kampuni binafsi ikitaka mitatu nawe una miwili mizuri, omba. Serikalini, tangazo likitaja miaka, limemaanisha.

CV haisemi ulichofanya. Kwa mwonekano utaijua: imejaa "mchapakazi", "mwaminifu", "naweza kufanya kazi chini ya shinikizo", na mwisho kabisa "napenda kusoma vitabu, kusafiri na kuangalia mpira". Chukua mstari kama huu wa mhasibu: "Nilihusika na shughuli mbalimbali za kihasibu." Shughuli zipi? Ukimkalisha chini atakwambia alikuwa anafanya usuluhishi wa hesabu za benki kila mwisho wa mwezi kwa matawi matatu, anaandaa hati za malipo, na anawasilisha ritani za VAT TRA. Basi hayo ndiyo ya kuandika, moja baada ya jingine, na jina la programu aliyotumia. Kama hujawahi kuajiriwa, mafunzo kwa vitendo ya chuo yana mambo hayo hayo. Wengi wameyaandika kwa mstari mmoja wenye jina la taasisi na tarehe, basi.

Kurasa mbili zinatosha kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka michache. Dini, kabila, uzito na majina ya wazazi havina kazi mle.

Na barua ya maombi? Aya tatu. Unaomba kazi gani na tangazo uliliona wapi. Mambo mawili uliyofanya yanayofanana na majukumu yao. Lini unaweza kuanza. Ikianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" hakuna atakayekufukuza, lakini sentensi inayofuata iwe na kitu.

"Ajira Portal: nimeomba, jina silioni kwenye orodha"

Hapa mchujo una masharti yaliyoandikwa, na mwombaji anaweza kuwa bora kuliko wote akadondoshwa na karatasi moja. Rudi kwenye sehemu ya masharti ya jumla, ile ambayo watu huiruka kwa kudhani inafanana kila tangazo. Inafanana kweli, ila ndiyo inayokata.

Majina kwanza. Usajili unakwenda na namba ya NIDA, halafu vyeti vinasema jingine: cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, cha kuzaliwa kimeandikwa "Mohamedi" na kitambulisho "Mohamed". Majina yakitofautiana, kinachotakiwa ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na wasailiwa huambiwa wazi wafike nayo. Usingoje uitwe. Kuitengeneza kunahitaji wakili, fedha na muda, na ukishaitwa vyote vitatu vinakuwa vimepungua.

Nyaraka zinafuata. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira, ambayo ndiyo yenye Ajira Portal, hukataa matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita. Wanataka vyeti vyenyewe. Cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na wakili. Barua ya maombi iwe na sahihi: uichape, uisaini kwa kalamu, uiskani upya. Barua isiyosainiwa, au iliyobaki na jina la kada uliyoomba mwezi uliopita, ni sababu ya kawaida kabisa. Wadhamini ni watatu, wenye namba zinazopokelewa. Ukomo wa umri kwa asiye mtumishi wa umma kwa kawaida ni miaka 45. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vihakikiwe: shahada TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vya kati NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), vya sekondari NECTA (Baraza la Mitihani).

Kisha jina la kozi. Tangazo likiorodhesha shahada tano zinazokubalika na yako haimo, kozi kufanana haitoshi. Wenye kozi mpya zenye majina marefu wanaumizwa sana na hili, nami naona ni haki walalamike. Lakini kwa tangazo lililopo mezani, tafuta lenye maneno "au fani nyingine inayofanana na hiyo".

Jina likiwepo, ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani, na usome tangazo la kuitwa mpaka mwisho. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Vyeti halisi na kitambulisho ni lazima. Kuna watu husafiri usiku kucha kwenda Dodoma na kopi mkononi, wakaishia getini.

"Naitwa kwenye usaili, lakini sivuki"

Tenganisha: unakwama kwenye mtihani wa kuandika, wa vitendo, au mbele ya jopo?

Wanaokwama kwenye wa kuandika mara nyingi wamesoma madaftari ya chuo. Maswali huelekea kwenye majukumu ya tangazo na utaratibu unaotumika sasa. Mtu wa ununuzi anayekariri Sheria ya mwaka 2011 na mfumo wa ununuzi mtandaoni wa TANePS amepotea: Sheria ya Ununuzi wa Umma ni ya mwaka 2023, na mfumo ni NeST. Kila fani ina mabadiliko ya namna hiyo. Chukua majukumu, geuza kila mstari uwe swali, jijibu kwa kuandika. Kwa mtihani wa vitendo hakuna njia ya mkato: kama ni kompyuta, kaa kwenye kompyuta, maana kujua Excel kwa kutazama video ni kujua nusu.

Mbele ya jopo kuna kosa moja linalojirudia kuliko yote, nalo liko kwenye swali la kwanza. "Karibu. Hebu jieleze kwa ufupi." Mtu anaanza: "Kwa majina naitwa fulani, nimezaliwa Kibondo mkoani Kigoma, elimu ya msingi nilianza mwaka..." Jopo wana hayo yote kwenye karatasi, na dakika mbili za mwanzo, wakati bado wanakusikiliza kwa makini, zimeisha. Linganisha na mtu wa stoo anayesema: "Nimetunza stoo ya dawa ya zahanati kwa miaka miwili. Nilikuta leja na mzigo uliopo rafuni haviendani. Nikaanza kuhesabu kila Ijumaa na mganga mfawidhi akisaini, na dawa zinazokaribia kuisha muda nikazitoa mbele. Nimeona stoo yenu ina dawa nyingi zaidi, na hiyo ndiyo kazi ninayoitaka." Huyo wataendelea kumuuliza kuhusu dawa, yaani kuhusu kitu anachokijua.

Lugha nayo. Tangazo likiwa la Kiingereza, jiandae kujibu kwa Kiingereza, na ufanye mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu. Kichwani kila sentensi inanyooka. Mdomoni ndipo inapokatika. Ukikwama katikati, omba kwa heshima umalizie kwa Kiswahili. Majopo mengi yanakubali, na hata yasipokubali ni afadhali kuliko kunyamaza.

Mshahara: uliza wenzio walioko kwenye kazi hizo kabla hujaenda, ili ukiulizwa utaje kiasi. "Wowote mtakaonipa" inawaambia hujui bei ya kazi yako.

"Walisema watanipigia"

Kama usaili ulienda vizuri na kimya kikafuata zaidi ya mara mbili, wapigie simu wadhamini wako. Nasema kweli. Namba zimebadilika, au mwalimu wako wa chuo anapigiwa asubuhi akiwa darasani, anaulizwa habari za mtu asiyemkumbuka, anajibu "labda, niliwafundisha wengi". Mdhamini huombwa ridhaa kwanza na kukumbushwa kila unapofika usaili:

"Shikamoo Mwalimu. Ni mimi uliyenisimamia utafiti wa mikopo ya VICOBA mwaka 2022. Naomba nikuandike kama mdhamini wangu kwa nafasi ya afisa mikopo. Wanaweza kukupigia wiki ijayo. Nakutumia tangazo na CV yangu hapa. Ahsante sana Mwalimu."

Wadhamini wakiwa sawa, sababu nyingine hazimo mikononi mwako: mtu wa ndani, bajeti iliyozuiwa, nafasi moja na wazuri watatu. Serikalini, waliofaulu nafasi zikaisha huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa baadaye, kwa hiyo simu iwe hewani. Kwa mwajiri binafsi, ujumbe mmoja wa kuulizia baada ya wiki mbili hauna ubaya. Wa tatu una ubaya.

"Wanataka elfu hamsini ya fomu"

Si kazi. Iwe ni "ada ya usajili", "pesa ya vipimo" au "ya kumpoza afisa", acha hapo hapo. Sekretarieti ya Ajira haitozi ombi. Kwa kazi za Oman, Saudia au Dubai, hakikisha kwa TaESA kama wakala amesajiliwa, na utazame viza: ukipewa ya matembezi ukaambiwa "utabadilishiwa kule", wa kubadilishiwa mambo kule ni wewe.

"Najitolea mwaka wa pili sasa"

Kujitolea kunasaidia pale kunapokupa kitu cha kuandika kwenye CV na mtu wa kukudhamini, na vyote viwili kwa kawaida umeshavipata ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ofisi imepata mfanyakazi wa bure na haina haraka nawe. Anza kwa barua yenye muda na majukumu, ukiomba angalau nauli. Muda ukiisha, kaa na mkuu wako umuulize kama kuna nafasi kwenye bajeti ijayo. Jibu likiwa "tuvumilie kidogo", omba barua ya utambulisho wa kazi ulizofanya, na siku ulizokuwa unajitolea uzirudishe kwenye daftari lako la maombi.

"Nimeanza kazi, mkataba sijauona"

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, na marupurupu. "Unaandaliwa" isivuke mwezi wa kwanza. Ukiona unasogezwa, andika mwenyewe barua pepe ya upole ukirudia mliyokubaliana kwa mdomo: "Bosi, kama tulivyoongea Jumatatu, naanza kama msaidizi wa hesabu, mshahara wa kiasi hiki kwa mwezi, saa mbili hadi saa kumi na moja. Naomba unirekebishe kama nimekosea." Akijibu "sawa", ihifadhi hiyo barua pepe na uendelee kuudai mkataba.